Haraka Haraka, Ngoja Ngoja: Nani Anashika Saa ya Mshukiwa Anayetakiwa Ng'ambo?

Kwenye kibanda cha chai kando ya stendi ya Kisumu, runinga imefungwa kwa waya juu ya kabati la mandazi, na sauti yake hupotea kila basi la Busia linapopiga honi. Siku hiyo taarifa ilihusu kesi ya Agnes Wanjiru, mwanamke kijana aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012, na raia wa Uingereza, mwanajeshi wa zamani, ambaye Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa waranti akamatwe mnamo Septemba 2025. Alikamatwa kwao Novemba mwaka huohuo.

"Sasa mbona hawamleti?" akauliza mama wa chai.

Mzee mmoja akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti. "Wana siku sitini. Zikiisha kabla hajapandishwa ndege, mlango unafunguliwa anaenda zake. Ndiyo sheria."

"Sheria gani, mzee wangu?" Kijana wa boda boda alikuwa anacheka. "Serikali ikiishiwa na muda inajiongezea. Leo sitini, kesho mia tatu. Nani ataiuliza?"

Nilikuwa nimejaza mandazi mdomoni, na hata ningeweza kusema, jibu lisingemalizika kwa kikombe kimoja. Mzee alikosea. Kijana naye alikosea, ingawa kosa lake lina mizizi katika mambo ambayo sisi watu wa Kisumu tumeyaona kwa macho. Nitayafikia.

Kwanza maneno, maana nusu ya ubishi huu unatokana na watu kuita vitu vitatu kwa jina moja. Kumsalimisha mshukiwa ni pale nchi moja inapoiandikia nyingine: mtu fulani anatakiwa huku ajibu mashtaka, naye yuko kwenu. Anakamatwa, mahakama ya huko aliko inalipima ombi, na likikubaliwa anakabidhiwa. Magazeti huandika "kurejeshwa", redio husema "kusafirishwa akajibu mashtaka". Ni jambo hilohilo. Kumfurusha mtu ni kitu kingine: mgeni anaambiwa hatakiwi nchini na anaondolewa. Hiyo ni kazi ya uhamiaji, na waziri anaweza kutia sahihi chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011. Cha tatu ni kumteka mtu na kumvusha mpaka usiku, bila karatasi wala hakimu. Hicho hakina jina la heshima.

Saa tunayoizungumzia hapa, yaani muda uliowekwa na sheria, inapatikana katika jambo la kwanza tu.

Lingine ambalo watu hulikosea ni kazi ya hakimu katika kesi hizi. Haamui kama mtu aliua au aliiba. Anaangalia kama huyu ndiye mtu anayetakiwa, kama kosa analotajiwa ni kosa katika nchi zote mbili, na kama ushahidi uliotumwa unatosha kumfanya mtu wa namna hiyo ashtakiwe hapa kwetu. Hatia itaamuliwa huko aendako.

Kenya ina sheria mbili za kazi hii, zote za miaka ya mwanzo ya uhuru. Ya mwaka 1966 inahusu majirani na nchi za kigeni, na ya mwaka 1968 inahusu nchi za Jumuiya ya Madola. Zote mbili zilinakiliwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Mwingereza, na muda uliomo humo ni wa enzi za meli za mvuke. Ile miezi miwili maarufu, ambayo mzee aliiita siku sitini, imo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1870. Hata mkataba tunaotumia na Marekani ni ule ambao Uingereza ilitia sahihi mwaka 1931, sisi tukaurithi kama mtu anavyorithi koti la babu.

Katika sheria hizo hakuna saa moja. Ziko kadhaa, na kila moja ina mshikaji wake.

Ya kwanza inatoka kwenye Katiba yenyewe, kifungu cha 49: ukikamatwa, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya siku za mahakama. Haijali kama umetakiwa na Kampala, London au Boston. Ya pili huanza pale mtu anapokamatwa kwa dharura, kabla karatasi kamili za nchi inayomtaka hazijafika. Hapo hakimu ndiye anayeweka muda unaofaa wa kuzisubiri, na zisipofika mtu anaachiliwa. Angalia vizuri: muda huo unawekwa na hakimu. Ofisi inayosubiri barua haina sauti hapo.

Kisha zinakuja mbili ambazo Waswahili walizielewa zamani kuliko wanasheria. Hakimu akishaamuru mtu azuiliwe akisubiri kusalimishwa, kuna siku 15 ambazo hakuna anayeruhusiwa kumwondoa nchini. Siku hizo ni zake za kukimbilia Mahakama Kuu. Hiyo ni haraka haraka haina baraka. Saa nyingine ni ya miezi miwili: asipokuwa amesafirishwa ndani ya muda huo, anaweza kuomba jaji wa Mahakama Kuu amwachilie. Hiyo ni ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali moja inamfunga serikali asikimbie, ya pili inamfunga asizembee.

Na serikali ikiishiwa na hiyo miezi miwili? Hapa nitamwomba kijana wa boda boda afikirie sufuria za chama.

Vikundi vingi vya akina mama huku kwetu vina mali yao ya matanga: hema, viti, sufuria kubwa za kupikia watu mia tatu. Unaazima Alhamisi, unaandikwa kwenye daftari, unarudisha Jumatatu. Tuseme mazishi yamesogezwa mbele kwa sababu ndugu wa Mombasa hajafika. Unaweza kuhitaji sufuria wiki nyingine, na sababu yako ikawa ya kweli kabisa. Lakini huwezi kuchukua daftari la chama na kujiandikia mwenyewe "nimeongeza wiki moja". Unarudi kwa mwekahazina, unaeleza. Anaweza kukubali, anaweza kukwambia zirudi leo kwa sababu kuna msiba mwingine Ahero. Anayeshika sufuria si anayeshika daftari.

Serikali ndiyo iliyoazima. Uhuru wa mtu ndio sufuria, na daftari liko kwa jaji.

Ndiyo maana katika sheria zetu hizi hutapata mahali waziri, polisi au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anapoambiwa, "ukiona muda hautoshi, jiongezee." Kilichoandikwa ni kwamba jaji ataamuru mtu aachiliwe isipokuwa kumeonyeshwa sababu ya kutosha ya kutofanya hivyo. Maneno hayo, sababu ya kutosha, ndiyo mlango pekee wa serikali kupata muda zaidi, na mlango huo uko ndani ya chumba cha mahakama. Mtu amelazwa hospitalini hawezi kusafiri: jaji anaweza kuona hiyo ni sababu. Mshukiwa mwenyewe amekata rufaa na faili bado inazunguka: hapo hawezi kulalamikia uchelewesho alioufungua mwenyewe. Lakini "afisa wa faili alikuwa likizo" ni vigumu kuisema mbele ya jaji bila kujikuna kichwa.

Kuna kanuni nyuma ya haya yote ambayo inafaa kuijua hata nje ya kesi hizi. Mamlaka ya kuongeza muda hayazaliwi na mamlaka ya kufanya kazi yenyewe. Lazima yaandikwe. Sheria yetu ya tafsiri, ile inayofundisha namna ya kusoma sheria nyingine zote, inazungumzia kuongeza muda pale ambapo sheria imempa mtu au mahakama uwezo huo. Yanapokuwapo, inaruhusu yatumike hata baada ya muda kuisha, kama hakuna neno linalokataza. Hiyo inawashangaza wengi, hata baadhi ya waandishi wenzangu: muda kupita hakumnyang'anyi jaji sikio. Ila pasipoandikwa mamlaka hayo, waziri hana la kuongeza.

Sasa mzee wa gazeti. Kosa lake la kwanza ni dogo: sheria haisemi siku sitini, inasema miezi miwili, na mwezi katika sheria zetu ni wa kalenda. Kuanzia 10 Julai hadi 10 Septemba ni siku 62. Ukianza 10 Januari mwaka wa kawaida unapata 59. Mtu aliye rumande huzihesabu hizo siku tatu.

Kosa la pili ni kubwa. Alidhani saa ikigonga, mlango unafunguka wenyewe. Haufunguki. Ni lazima mshukiwa au wakili wake aende Mahakama Kuu aombe, na upande wa serikali upewe taarifa ya kutosha kwamba ombi linakuja. Asipoomba, anaweza kukaa mwezi wa tatu na wa nne na hakuna kengele itakayolia. Ni kama zile sufuria: mwenye chama asipouliza, zitakaa kwako hadi msiba mwingine. Nimewahi kukaa na familia moja ya kule Busia iliyokuwa inasubiri "siku zifike" kama mtu anavyosubiri mvua. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo mvua inaitwa kwa karatasi.

Na akiachiliwa kwa sababu ya muda, hajafutiwa kosa. Mashtaka yako palepale katika nchi iliyomtaka. Kilichoisha ni ruhusa ya kumweka ndani akisubiri ndege.

Turudi kwenye swali la mama wa chai, maana saa ya kesi ya Agnes Wanjiru haiko Nairobi wala Kisumu. Mshukiwa yuko Uingereza, kwa hiyo ni sheria yao ya mwaka 2003 inayohesabu. Wenzetu wamezigawa nchi katika makundi mawili, na Kenya iko katika lile ambalo mwisho wake ni waziri wa mambo ya ndani kutia sahihi. Mahakama ikimaliza kazi yake na kupeleka faili kwa waziri, anapewa miezi miwili ya kuamua. Mwaka 2022 dunia ilimwona Priti Patel akifanya hivyo katika kesi ya Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks aliyetakiwa Marekani: faili ilimfikia tarehe 20 Aprili, akatia sahihi 17 Juni, siku chache kabla ya muda kuisha.

Je, angetaka muda zaidi? Angeweza, lakini kwa kuomba mahakamani, na kabla ya miezi miwili kumalizika. Mahakama inaweza kukubali, tena zaidi ya mara moja. Waziri akilala hadi muda upite bila kuomba wala kuamua, na mshukiwa akaomba kuachiliwa, jaji wa kule hana la kupima. Ni lazima amwachilie. Hapo wametupita. Jaji wetu ana nafasi ya kusikiliza sababu, wa kwao amefungwa mikono kwa faida ya mshukiwa. Binafsi naona njia yao ni safi zaidi, maana inamlazimisha waziri aamke mapema.

Ipo sehemu moja ambayo waziri wa Uingereza anaweza kurefusha muda kwa kalamu yake, na inafundisha kuliko zote. Mtu akikamatwa kwa dharura, nchi inayomtaka ina siku 45 za kufikisha ombi lake rasmi. Waziri anaweza kuweka muda mrefu zaidi kwa nchi fulani, na Marekani imewekewa siku 65. Lakini hufanya hivyo kwa agizo linalotangazwa mapema, kwa nchi nzima, kabla hajajua ni nani atakamatwa. Hawezi kuamka siku ya 44, akaona karatasi za mtu fulani hazijafika, akasema "huyu nimemwongezea ishirini". Kubadilisha kanuni za mchezo kwa msimu ujao ni jambo moja, kuongeza dakika wakati timu yako inafungwa ni jambo lingine. Shabiki yeyote wa Gor Mahia anaijua tofauti hiyo.

Canada wameenda mbali zaidi kwa upande wa serikali. Waziri wao wa sheria ana siku 90 tangu mahakama iamuru mtu azuiliwe, na anaweza kujiongezea muda mwenyewe. Hata hivyo sheria imemtajia ni kwa lipi, kwa mfano mshukiwa amempelekea maelezo marefu na waziri anahitaji muda wa kuyasoma, na ni lazima amjulishe mhusika. Yaani hata penye kalamu pana kamba.

Kama mambo yamefungwa hivi, mbona kesi zetu huchukua miaka? Kwa sababu miezi miwili huanza kuhesabiwa baada ya hakimu kutoa amri ya kumzuilia mtu asubiri safari. Kabla ya hapo, ukiondoa zile saa 24 za mwanzo, hakuna saa yenye tarakimu, kuna Katiba tu inayodai kesi isicheleweshwe bila sababu. Watu wa Busia wanaukumbuka mfano mzuri kuliko wote, maana mmoja wa wahusika alikuwa mbunge wa Nambale. Mwaka 2011, Jersey, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa kilicho chini ya taji la Uingereza, kiliomba kusalimishiwa Chris Okemo, waziri wa fedha wa zamani, na Samuel Gichuru, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya umeme. Wote wawili waliyakana madai. Kilichofuata hakikuwa ubishi juu ya fedha bali juu ya kalamu: nani ana mamlaka ya kuanzisha kesi kama hiyo, Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma? Mahakama ya Rufaa ikasema mwaka 2018 kwamba ni Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Juu Zaidi ikageuza mwaka 2021, ikasema kesi hizi zina sura ya jinai na mwenye kuziendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Miaka kumi ikawa imepita, na ile miezi miwili haijaanza hata siku moja.

Kwa upande mwingine kuna kesi zinazokwenda mbio kiasi. Mshukiwa wa mauaji aliyetakiwa Massachusetts alikamatwa Nairobi Januari 2024, akatoroka seli Februari, akakamatwa tena, na mwanzoni mwa Septemba mwaka huo alikuwa ameshafika Marekani.

Sasa kijana wa boda boda, ambaye sitaki kumwacha aonekane mjinga. Nilisema kosa lake lina mizizi. Julai 2024, hapa Kisumu, watu 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa, wakavushwa mpaka, na Kampala wakafunguliwa mashtaka yanayohusu ugaidi. Hakuna hakimu wa Kisumu aliyewapimia ombi la Uganda, hakuna siku 15, hakuna miezi miwili. Mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai, Wakenya walikamatwa hapa nchini wakapelekwa Uganda, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema utaratibu wa sheria haukufuatwa. Kufikia wakati huo washukiwa walikuwa tayari ng'ambo. Na Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha, waliotakiwa Marekani kwa mashtaka ya dawa za kulevya, walichukuliwa wakapelekwa New York ilhali kesi ya kuwasalimisha, iliyoanza 2014, ilikuwa bado iko mahakamani Mombasa.

Kwa Uganda na Tanzania, cha kushangaza ni kwamba sheria ya 1966 ina njia ya mkato halali kabisa: waranti ya kule inaletwa kwa hakimu wa huku, anaipima na kuidhinisha, na mtu anakabidhiwa bila safari ndefu ya makaratasi kati ya mawaziri. Hakimu wa Busia au Malaba anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa anasikia honi za malori ya upande wa pili.

Kwa hiyo kijana anapoona serikali "inajiongezea muda", ninachokiona mimi ni kitu tofauti na kibaya zaidi. Katika visa hivyo hakuna aliyeongeza hata dakika. Daftari halikufunguliwa kabisa. Anayeomba muda wa ziada kwa jaji amekubali kwamba kuna jaji. Anayempakia mtu kwenye gari lenye vioo vyeusi amekataa kwamba kuna saa. Ukiyachanganya mawili haya, utapoteza nguvu ukibishana juu ya siku sitini wakati swali lilikuwa nani alimwona hakimu.

Silaha ya familia katika hali hiyo ni ombi la kutaka mtu afikishwe mahakamani, mzima, na anayemshikilia aeleze kwa sheria gani. Katiba yetu, kifungu cha 25, imeliweka miongoni mwa haki nne ambazo hakuna sheria inayoweza kuzipunguza. Lakini lina udhaifu mmoja ambao mtu wa mpakani anauelewa bila kufundishwa: amri ya jaji wa Kisumu inaishia daraja la Malaba. Ndiyo maana wakili mzuri huliwasilisha usiku uleule mtu alipokamatwa, kwa simu kama lazima, na hasubiri Jumatatu.

Nilirudi kibandani baada ya siku tatu nikawakuta wote wawili, mzee na kijana, na nikawaeleza haya niliyoandika, sufuria na yote. Mama wa chai ndiye aliyesikiliza vizuri. Ana mpwa aliye rumande kwa ombi la nchi nyingine. Hakuwa amelitaja siku ile ya kwanza.

"Hakimu aliamuru azuiliwe tarehe ngapi?" nikamuuliza.

"Tarehe 3 mwezi uliopita."

"Basi tarehe 3 yenyewe haihesabiwi. Unaanza na 4. Wakili wake alishaenda Mahakama Kuu kupinga?"

"Bado."

"Akienda, hesabu itasubiri jaji aamue, ianze hapo."

Mzee alichomoa kalamu mfukoni, akachana pembe ya gazeti lake na kumwandikia tarehe. Mama akaibandika kwa gundi ya ugali kwenye kabati la mandazi, chini ya runinga, pembeni ya orodha ya wanaodaiwa chai.